Daraja Lililopigiwa Kura

Vijana wa mtaani huniita Mzee Hau. Wengi wanadhani ni jina la ukoo wa huko kwetu Kibosho, na mmoja aliwahi kuniuliza kama babu yangu alikuwa Mchina wa reli. Huwa naitika. Nimefika umri ambao mtu akikuita kwa jina lolote unashukuru kwamba ameona bado upo. Jina langu la ubatizo ni Isidori. Hau huyo ni Howe, Mmarekani aliyebuni aina fulani ya daraja zamani sana, wala hatukujuana. Nililibeba jina lake Jumapili moja ya mwaka 1974, mbele ya umma, na tangu siku hiyo sijapata pa kulitua.

Nilikuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Ghanim, pale Mchafukoge. Bwana Ghanim alikuwa Mwarabu mzaliwa wa hapa hapa, mnene, mcheshi, na mdomo wake haukuwa na likizo. Kazi yangu ilikuwa kujua kila msumari ulipo. Nilijua. Nilijua pia kwamba nilistahili kazi kubwa kuliko hiyo, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua, kwa hiyo nilijitwika wajibu wa kuwakumbusha.

Elimu yangu ilikoma darasa la nane. Lakini nilikuwa na kitabu. Nilikiokota kwenye rundo la karatasi za kufungia karanga, kando ya soko la Kariakoo la zamani, kitabu cha Kiingereza juu ya madaraja, hakina jalada, kinaanzia ukurasa wa kumi na saba. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, kila jioni baada ya kufunga duka, kwa miaka kumi na miwili. Kurasa kumi na sita za mwanzo sikuzipata kamwe, na kila nisichokielewa niliamini kimeelezwa humo. Mke wangu Candida alikiita kitabu hicho bi mdogo.

Bwana Ghanim ndiye aliyenibatiza Injinia, kwa kunidhihaki, nami nikakubali kwa moyo wote.

"Haya Injinia," alisema siku moja duka likiwa tupu, "niambie ulichokipata katika miaka yote hiyo. Kwa maneno machache, nina shinikizo la damu."

Nikachukua vipande vinne vya ubao, nikavipigilia msumari mmoja mmoja kwenye pembe, nikapata mraba. Nikamwambia ausukume. Akausukuma kwa kidole, ukalala ubavu kama kitanda kibovu. Kisha nikachukua vipande vitatu, nikatengeneza pembetatu, nikamwambia asukume tena. Akasukuma kwa kidole, kwa kiganja, kwa mikono miwili, mpaka akatoa jasho. Haikutikisika.

"Ndiyo hiyo tu?" akasema. "Miaka kumi na miwili?"

"Ndiyo hiyo tu. Daraja ni pembetatu zilizopangwa safu, kama kenchi za paa. Mzigo ukikaa juu, kila kipande ama kinavutwa ama kinabanwa. Kinachovutwa kinafanya kazi ya kamba. Kinachobanwa kinafanya kazi ya mkongojo. Ukijua kipi ni kamba na kipi ni mkongojo, umemaliza."

"Na mimi katika duka hili ni kipi?"

"Wewe, Bwana Ghanim, ni mzigo."

Alicheka mpaka nikaogopa shinikizo lake. Nasimulia hili kwa sababu ndilo jibu zuri pekee nililowahi kulitoa kwa wakati wake. Majibu yangu mengine yote mazuri yamenijia nikiwa kitandani, baada ya mwaka mmoja au miwili.

Mwaka huo wa 1974 nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni barua. Chuo cha ufundi kilikuwa kinapokea watu wazima wachache kila mwaka, hata wasio na vyeti, mradi hawajafika miaka thelathini na mitano na tawi la chama limeandika kwamba mtu huyo ana ujuzi unaoonekana na tabia ya kuaminika. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho. Nikaenda kwa katibu wa tawi letu, Ndugu Severine, mtu mwembamba kutoka Ngara, asiyecheka wala kukasirika.

"Ujuzi unaoonekana uko wapi, Ndugu Isidori?" aliniuliza. "Usinionyeshe kitabu. Kitabu hata mimi ninacho."

Nikamwonyesha mfereji. Ulikuwa mfereji mpana wa maji ya mvua, nyuma ya magodauni upande wa Gerezani, upana wake futi ishirini na mbili. Masika ilipofika watu wa ng'ambo walizunguka nusu saa nzima kufika sokoni. Mmoja wao alikuwa Bi Mauza, shangazi yake Bwana Ghanim, muuza visheti, aliyebeba sinia lake kichwani kwa miaka mingi akiulaani mfereji huo kwa lugha ambayo ilimfanya hata mpwa wake aangalie chini.

"Jenga," alisema Ndugu Severine. "Watu watajitolea. Likisimama, barua yako nitakuletea siku hiyo hiyo, mfukoni mwangu."

Enzi hizo neno kujitolea lilikuwa na maana. Siku hizi ukiwaambia vijana wajitolee wanakuuliza posho. Wakati ule ulitangaza kazi Ijumaa, Jumapili watu walikuja na sururu zao, na wengine walikuja bila sururu ili wakosoe, na hao pia walihitajika.

Vifaa nilivyopata ndivyo vilivyoamua aina ya daraja. Bwana Ghanim alitoa mbao na boriti fupi fupi, na nondo za nusu inchi zilizobaki kwenye ujenzi fulani. Kitabu changu kilikuwa na aina nyingi, lakini tatu ndizo nilizozijua kama sala. Kuna ya Warren, ambayo haina nguzo za wima, ni pembetatu tupu zimepangana kama meno ya msumeno, kipande kimoja kinavutwa, jirani yake anabanwa. Kuna ya Howe, ambayo vipande vyake vya mshazari hupanda kuelekea katikati ya daraja, kama paa la nyumba, navyo hubanwa, kwa hiyo sharti viwe vya mbao nene. Halafu kuna ya Pratt, kinyume chake. Katika Pratt mishazari hushuka kuelekea katikati, nayo huvutwa, na nguzo za wima ndizo zinazobanwa.

Pratt ilikuwa imeandikwa kwa ajili yangu. Kipande kirefu kikibanwa hupinda, kifupi hustahimili. Basi boriti zangu fupi zingekuwa nguzo, na nondo zangu ndefu, nyembamba, zingekuwa za mshazari, zinavutwa tu. Ivute nondo, itabeba ng'ombe. Ibane, itajikunja kama tambi. Nilitengeneza kenchi mbili za ubavuni katika uwanja wa nyuma ya duka, kila moja urefu wa futi ishirini na nne, kimo cha futi nne, imegawanywa kwa nguzo za wima vyumba sita. Ncha za nondo nilizipondaponda zikawa bapa, nikazitoboa, nikazifunga kwa bolti. Zilikuwa nzuri. Nasema hivi bila kuona haya kwa sababu ndicho kitu cha mwisho katika habari hii ambacho hakinionei haya mimi.

Mtu aliyeniogopesha alikuwa Seifu, mkuu wa wachukuzi wa Kariakoo. Seifu hakujua kusoma, lakini alikuwa amebeba magunia miaka ishirini, na alikuwa na tabia ya kuangalia kitu chochote kana kwamba anakiuliza, utanikalia wapi? Alizizunguka kenchi zangu, akagusa nondo moja.

"Injinia, huu uzi unafanya nini hapa?"

Nikamchorea chini kwa mkaa. "Umeona zinavyoshuka? Kama watu wawili wanaotoka kushoto na kulia, wanashuka kukutana kisimani. Hivyo zinavutwa. Zikigeuzwa, zikapanda kama paa, zitabanwa, na hapo ni tambi."

"Kisimani," alisema Seifu. "Basi weka alama. Maana ubao wa juu na wa chini ni mapacha. Mimi nitakuwa nimebeba, sitakuwa nasoma michoro."

Alisema kweli. Kenchi ilikuwa ya mraba mrefu, ukiipindua juu chini bado inakaa sawasawa. Bwana Ghanim akaleta kopo la rangi nyekundu. Nilikataa. Nilisema daraja si kreti la soda. Nikachukua mkaa, nikaandika kwa mwandiko wangu bora, juu ya ubao wa juu wa kila kenchi: JUU.

Sasa niwaeleze nilikuwa wapi Jumapili ile asubuhi, daraja langu pekee lilipokuwa linasimamishwa. Nilikuwa kwa fundi cherehani, Mtaa wa Kongo. Nilikuwa nimeshonesha suti ya kola iliyosimama, ya kijivu, kama walizovaa wakubwa wakati ule, kwa ajili ya hotuba. Ilikuwa tayari isipokuwa vifungo. Nikamtuma mtu amwambie Seifu anisubiri mpaka saa nne. Seifu akajibu kwamba jua la saa nne halimsubiri mtu. Wakaanza saa moja na nusu. Mimi nilibaki nimesimama kwenye kibaraza cha fundi nimenyoosha mikono, napimwa umbali wa vifungo kwa tepu.

Yaliyotokea niliyasikia baadaye kutoka kwa watu thelathini.

Kenchi ya kwanza waliibeba begani, imelala. Sisi watu wa mjini, Waislamu kwa Wakristo, tulikuwa na namna moja tu ya kubeba kitu kirefu mabegani kwa pamoja, nayo ni namna ya jeneza. Katika jeneza hakuna mwenye kubeba peke yake. Kila mtu anataka thawabu, basi wa nyuma hukimbilia mbele, anatia bega hatua kumi, anampisha mwingine, na mzigo unakwenda kama unaelea. Ndivyo walivyoibeba kenchi yangu. Wenye maduka walitoka wakatia mabega. Waliokuwa wanatoka misa ya kwanza walitia mabega. Mzee mmoja alitia bega akasoma dua, akauliza marehemu ni nani. Kwenye kona nyembamba waliisimamisha kwa ubavu, wakaipitisha, wakailaza tena. Sijui ilikuwa imepinduka mara ngapi. Ya pili wakaifanyia hivyo hivyo.

Na kila bega lililopita liliondoka na kidogo cha mkaa wangu. Walipofika mfereji ubao ulikuwa safi kama meza ya padri, na JUU iliyokuwa imebaki ilikuwa mgongoni kwa kanzu ya muuza kahawa, imeandikwa kinyumenyume.

Seifu aliposhusha alizitafuta alama, hakuziona. "Tumngoje Injinia," akasema.

Lakini mgeni rasmi, Ndugu Severine, alikuwa njiani, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hamis, hakuwa mtu wa kuchelewesha ratiba. Kwa hiyo wakafanya kile ambacho nchi yetu ilikuwa imetufundisha kufanya tukikwama. Wakaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi," alisema Mzee Hamis, "upande wa juu ni upi? Anayetaka kuchangia anyooshe mkono."

Seifu akachangia. Akasema Injinia alimwambia nyuzi zinashuka kama watu wanaokwenda kisimani.

"Kisima gani tena?" akauliza mtu. "Sisi tunayavuka maji, hatuyafuati."

Mwingine akasema kenchi ni kitu cha paa, na hajaona paa linaloingia ndani. Paa hupanda likakutana juu. Hoja hiyo ilipigiwa makofi. Na kusema kweli, kama ningekuwa sina kitabu hata mimi ningeipigia makofi. Mzee Hamis akahesabu mikono. Hoja ya paa ilipita kwa kura kumi na tisa dhidi ya kumi na moja, na Seifu, kwa kuwa alikuwa mtu wa nidhamu, aliongoza wimbo wa kuziinua kenchi zote mbili na kuziweka kichwa chini, kisha wakafunga mihimili na kupigilia mbao za kupitia. Baadaye nilikutana na watu ishirini na sita walioniapia kwamba wao walikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja.

Mimi nilifika saa nne kasoro, vifungo vyote vitano vikiwaka jua. Umati ulikuwa mkubwa. Bwana Ghanim alikuwa amekaa kwenye kiti cha duka, anajipepea kwa kofia. Kundi la ngoma la akina mama, karibu ishirini, wamevaa kanga za sare, Bi Mauza mbele yao, walikuwa wanangoja kuvuka kwa mara ya kwanza wakicheza. Ndugu Severine alinipa mkono, na nikaona kwenye mfuko wa shati lake ukingo wa bahasha ya kaki. Sikuangalia daraja. Naomba mlielewe hilo. Mhandisi amefika kwenye daraja lake, akaangalia bahasha.

Nikapanda juu ya kreti nikaanza hotuba. Nilikuwa nimeiandaa kwa wiki tatu. Nilieleza pembetatu. Nilieleza kamba na mkongojo. Nikachukua fimbo, nikanyoosha kuelekea nondo, bado nawatazama watu, nikasema, "Na hizi, ndugu zangu, mnaziona zinavyoshuka taratibu, kama watu wawili wanaokwenda kukutana..."

Hapo ndipo nilipogeuka.

Zilikuwa zinapanda. Zote. Kushoto zinapanda, kulia zinapanda, zinakutana juu kama paa la nyumba ya wageni. Fimbo yangu ilibaki hewani.

"Kukutana wapi, Ndugu Isidori?" aliuliza Ndugu Severine, kwa upole tu, kunisaidia.

Nilijua kila kitu kwa wakati huo mmoja. Nilijua nondo zangu sasa zilikuwa mikongojo. Nilijua watu mmoja mmoja wanaweza kuvuka, na watu wanane hawawezi. Nilijua pia kwamba hakuna mwingine pale aliyejua, isipokuwa pengine Seifu, ambaye alikuwa amekunja mikono ananitazama. Na bahasha ilikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwangu, na mimi nilikuwa natimiza miaka thelathini na mitano mwezi wa Februari.

"Kukutana juu," nikasema. "Huu ni muundo wa Howe."

"Wa nani?"

"Howe. Mmarekani. Ni muundo unaoheshimika sana."

Watu wakapiga makofi. Mzee Hamis alimtazama Seifu kwa ushindi. Seifu alikunjua mikono yake.

Ngoma ikaanza. Nikajaribu ujanja. Nikasimama mbele ya akina mama nikasema utaratibu wa madaraja duniani kote ni kupita mmoja mmoja, kwa heshima.

"Heshima ya nani?" akasema Bi Mauza. "Mwanangu, nimeuzunguka mfereji huu mpaka nyayo zimekwisha. Leo nauvuka na wenzangu, na tunauvuka kwa kiuno. Hebu nipishe na vifungo vyako."

"Bi Mauza, shikamoo, nakuomba..."

"Marahaba. Nipishe."

Nikampisha. Naliandika hivyo hivyo lilivyo. Nilimpisha mwanamke wa umri wa mama yangu apande kwenye kitu nilichojua kimekaa vibaya, kwa sababu ya karatasi ya kaki. Watatu wakapanda, wanne, sita. Mbao zikaanza kudunda. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye nondo ya kwanza upande wangu, na nilikuwa naisomea moyoni ukurasa wa themanini na mbili, kana kwamba ingesikia. Wa saba akapanda. Nondo ikatoa tumbo. Haikukatika, haikupiga kelele, ilifura tu pembeni polepole kama mtu anayeegemea mlango.

"Isidori!" Bwana Ghanim aliita kutoka kwenye kiti chake. "Daraja lako lina mimba!"

Umati ukacheka. Bi Mauza naye akacheka, akakatika zaidi. Ya pili ikafura. Na hapo sauti yangu ikatoka, nyembamba, si ya hotuba.

"Shukeni! Shukeni wote! Liko kichwa chini! Si Howe, nimesema uongo, liko kichwa chini!"

Seifu ndiye aliyefika kwanza. Alikuwa amekwisha kuanza kukimbia kabla sijafungua mdomo. Alimwinua Bi Mauza kama gunia la mchele, akamweka nchi kavu, naye Bi Mauza akimpiga kichwani kwa mkono mzima. Wengine wakarudi mbio, wakisukumana. Daraja likazama kiasi cha kiganja katikati, likabaki limening'inia kwenye boriti zake, limenuna. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mimi, niliyeruka kutoka kwenye kreti nikaingia mferejini mpaka magotini, sijui kwa kusudi gani. Nadhani nilitaka kulishika.

Kisha Seifu akasema, bila kunitazama, "Haya. Tuligeuze."

Na wakaligeuza. Hilo ndilo ninalolikumbuka nikiona wanavyojenga leo, mashine moja na watu kumi wamesimama wanapiga picha. Wale watu hawakunilaumu, hawakuitisha mkutano. Walifungua bolti, wakang'oa mbao, wakainua kenchi kwa wimbo wa Seifu, yeye akitaja, wenzake wakiitikia, wakazigeuza kama unavyogeuza mgonjwa, wakaziweka. Nondo zilizopinda tulizinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Bwana Ghanim alivua kanzu akapiga nyundo akiwa na fulana, akinitukana mimi na ukoo wangu wote hadi kileleni Kibo. Saa nane lilikuwa limesimama. Nondo zilikuwa zinashuka, kushoto na kulia, zinakwenda kukutana kisimani.

Akina mama ishirini wakapanda kwa pamoja, na ngoma, na viuno. Nikagonga nondo kwa ufunguo wa stoo. Ililia, sauti safi, ndefu. Nondo ikivutwa hulia. Ikibanwa hukoroma. Kitabu hakikuniambia hilo; huenda lilikuwa katika zile kurasa kumi na sita.

Ndugu Severine alinikuta hapo, suti imeganda tope. Akatoa bahasha, akaifungua, akaniruhusu nisome. Ilikuwa imepigwa muhuri tangu asubuhi. Ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema nina ujuzi unaoonekana. Ya pili ilisema ninaaminika.

"Kura ya upande wa juu tuliipiga sisi wananchi," alisema. "Hilo tungelibeba wote, lisingekudhuru. Ungesema palepale kwamba limekosewa, barua ingekuwa yako. Lakini nilikuuliza, Ndugu. Ulijua, ukaniambia Howe. Na akina mama walikuwa wanapanda."

"Nilisema baadaye."

"Ulisema. Na nimefurahi. Lakini sentensi ya pili siwezi kuisaini tena, na ya kwanza peke yake chuo hawaipokei."

Akaikunja, akairudisha mfukoni, akanipa mkono. Alikuwa na haki, na sijamsamehe.

Mwezi wa Februari nikatimiza miaka thelathini na mitano. Nikabaki karani wa stoo mpaka Bwana Ghanim alipofunga duka. Watu wa mtaani walilipenda jina la Howe kuliko walivyolipenda la Injinia, na Wazaramo wakalifupisha likawa Hau. Bi Mauza alivuka daraja lile kila siku na sinia lake, na kila aliponikuta naligonga kwa ufunguo alisema, "Bado halijazaa?"

Lilisimama miaka kumi. Kisha wakaja watu wa kweli, wenye vyeti, wakaweka karavati la zege, na baadaye wakalifukia karavati pia, na siku hizi juu yake kuna fremu za maduka, na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani mpaka kwenye masanduku ya simu, na vijana wanashangaa yanatoka wapi. Seifu alikufa mwaka ule ule walioliondoa. Tulimbeba wachache, gari lilikuwa linangoja barabarani, limewashwa. Nilitia bega hatua zangu kumi, nikageuka kumpisha mwingine, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikaendelea.

Siku walipobomoa daraja niliomba nondo moja, wakanipa. Nimeifunga uani, kutoka nguzo hii hadi ile, Candida anaanikia nguo. Ameniambia mara nyingi kwamba imebonyea katikati na suruali zangu zinagusa chini. Namjibu kwamba ni kawaida, nondo haikuumbwa kulazwa, iliumbwa kuvutwa. Basi mbona umeilaza? ananiuliza. Na mimi, baada ya miaka yote hiyo na kurasa zile zote, natafuta jina la Mmarekani mwingine.